TalkBack kwa sisi tusioona: namba ya siri sasa naijua mimi tu

Mimi sioni kabisa, na riziki yangu ni kuuza vitenge sokoni hapa Morogoro. Siku hizi wateja wengi wanalipa kwa simu. Zamani kila meseji ya muamala nilisomewa, na nikitaka kutoa hela kwa wakala ilibidi nimtajie mtu namba ya siri anibonyezee. Walionisaidia walikuwa waaminifu, nawashukuru sana. Lakini mtu mzima kusomewa salio lake mbele ya majirani kunadhalilisha jamani.

TalkBack ni programu inayokusomea kwa sauti kilichopo kwenye skrini ya simu. Ilianza mwaka 2009 na imo tayari kwenye simu nyingi za Android, hulipii chochote. Shikilia vitufe viwili vya sauti kwa pamoja sekunde kama tatu, simu itaanza kusema. Ukitelezesha kidole kwenda kulia inakutajia kinachofuata, ukigonga mara mbili inakifungua. Hakikisha umechagua sauti ya Kiswahili kwenye mipangilio, maana sauti ya Kiingereza ikikusomea meseji ya Kiswahili hutoki na kitu.

Sasa hela ikiingia nasikia jina na kiasi kabla mteja hajaondoka mezani. Naweka spika sikio moja tu, la pili nawaachia wateja. Na kuna kitu wengi hawakijui: kwenye menyu ya TalkBack unaweza kuficha skrini. Kioo kinakuwa cheusi, wewe unaendelea kusikiliza na kubonyeza, aliyesimama nyuma yako haoni kitu. Kwangu hicho peke yake kinatosha kuisifia.

Tatizo liko kwa watoa huduma za fedha. Menyu zile za kupiga nyota na reli hukatika kabla orodha haijamaliza kusomwa. Programu ya benki ninayotumia ina vitufe visivyopewa majina, basi nasikia "kitufe", halafu "kitufe" tena, nisijue kipi cha kutuma na kipi cha kufuta. Kuvipa majina ni kazi ndogo kwa fundi wa programu. Tanzania iliridhia Mkataba wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka huohuo wa 2009, na ibara ya 12 inataja haki yetu ya kusimamia fedha zetu wenyewe. Tunadai hilo.

Anayetaka kuanza, asianzie siku ya gulio. Ajizoeze nyumbani kupokea na kukata simu, kisha meseji. Hela zije baadaye, vidole vikishazoea.