Antena ya waya kwa redio ya zamani ya mezani, uzoefu wangu

Hii redio niliachiwa na marehemu babu, ni ile ya boksi la mbao ya valvu, ukiiwasha unakaa kama nusu dakika unasubiri zile taa za kioo zipate moto ndo ianze kuongea. FM haina, ina mawimbi ya kati na mafupi basi. Shida ilikua mvumo, mchana unapata stesheni mbili tatu kwa mbaaali na nyuma yake zzzzzz isiyoisha, mtu akiingia anauliza hiyo ni redio au unasaga nafaka. Nikaamua kununua antena ya waya ile inayouzwa ikiwa tayari, unapewa waya wa mita 10 umeviringwa kwenye plastiki, kamba ya kufungia, na vibanio viwili, kimoja cha antena kingine cha ethi (yaani waya wa kwenda ardhini).

Nianze na kilichoniudhi. Karatasi ya maelekezo inakwambia kibanio cha ethi ukibane kwenye chuma chochote cha redio. Jamani!! Hizi redio za zamani za mezani ziko nyingi tu ambazo hazina transfoma ya umeme ndani, waya mmoja wa ukutani umeungwa moja kwa moja kwenye chesisi, lile bati la ndani linaloshikilia vyombo vyote. Mimi nna kaugonjwa ka kupima kila kitu kwa testa, nikaigusisha kwenye skrubu ndogo ya nobu ya sauti, ikawaka. Nikachomoa plagi (ni ya miguu miwili) nikaigeuza nikachomeka tena, ikazima. Yani chesisi inakua na umeme au haina kutegemea siku hiyo umechomekaje plagi, sasa ningebana ethi pale ama fyuzi ingeenda ama ningeenda mimi. Kibanio cha ethi kiko kwenye droo mpaka leo.

Na hata tundu la antena lenyewe usiliamini. Ndani kuna kapasita inayozuia umeme usitoke kwenda kwenye waya, ikichoka inavujisha, na hapo waya wako wote wa nje unakua na umeme, nguo zikianikwa juu yake utajuta. Kwa hiyo kabla ya yote nikampa fundi aing'oe ile ya zamani aweke mpya ya usalama, zile zimeandikwa Y2 mwilini. Kazi ya dakika kumi.

Haya sasa matokeo. Mara ya kwanza kwa uvivu nikautandaza waya humu humu ndani, juu ya pazia, kelele ikaongezeka! Nikadhani nimeuziwa takataka. Kumbe waya unabeba chochote kinachopita, nikaanza kuzima kimoja kimoja, chaja ya simu ilipochomolewa mvumo ukashuka karibu nusu, taa ya LED ya mezani ilipozimwa ukashuka tena. Hapo ndo nikaelewa kua redio haikua kiziwi, nyumba ndo ilikua inapiga kelele. Nikautoa waya nje, kutoka dirishani mpaka kwenye mti, juu kiasi cha paa na mbali na ukuta, na mwisho wake nikaufunga na kamba ili shaba isiguse tawi.

Usiku ule sikulala mapema. Bendi ya mita 31, ile ya kuanzia kama 9.4 mpaka 9.9 MHz, ilikua imejaa, unasogeza nobu unywele mmoja tu unakuta mtu mwingine anaongea lugha nyingine, zamani hapo palikua na mikwaruzo mitupu. Mawimbi ya kati nayo jua likizama yanafika mbali sana, ila hapo kukawa na shida mpya, stesheni moja yenye nguvu iliyo karibu ikaanza kujitokeza kila mahali kwenye kioo cha kutafutia stesheni. Nikaacha kubana kwenye tundu, nikachomeka kipande kifupi cha waya tunduni, halafu ule mrefu nikauzungushia juu yake mara nne hivi ganda kwa ganda, shaba hazigusani, ikatulia. Redio isiyo na tundu kabisa nayo jaribu hivyo hivyo, zungusha waya kwenye boksi mara nne tano uone.

Mawingu yakikusanyika mi nachomoa waya na kuutupa nje ya dirisha, radi haina utani. Usiku nikienda kulala pia nachomoa.

Waya wenyewe ni mzuri, laini, haujakatika pamoja na upepo wote. Kibanio ndo bati, mvua mbili tu kimeshaota kutu, nimekata nikafunga ncha kwa mkono. Nyota tatu kati ya tano, moja imeenda na kibanio na ya pili imeenda na ile karatasi.