Risasi ya kipenyo cha kati kwa mwindaji wa Tanga na Bagamoyo: ipi ununue kwanza

Kabla ya kutaja majina ya risasi, tazama mahali itakapofyatuliwa. Mwindaji mwenye leseni anayetoka Tanga mjini kuelekea Handeni na Kilindi, au Bagamoyo kuelekea bonde la Wami, hakutani na mbuga iliyo wazi hadi upeo wa macho. Anakutana na vichaka vya miiba, nyasi za kufika kifuani, miombo, na msitu mnene kando ya mito. Mnyama huonekana kwa sekunde chache, mara nyingi akiwa hatua arobaini hadi mia moja, naye amesimama nusu nyuma ya mti. Kwa hiyo cha kutafuta huku si risasi inayokimbia kuliko zote. Tafuta inayopenya mpaka kwenye moyo na mapafu hata mnyama akiwa amekaa mshazari, na ambayo bega lako litaistahimili bila kuiogopa.

Kipenyo cha kati hapa ni kuanzia .338 hadi .375 ya inchi, yaani milimita 8.6 hadi 9.5. Tumezipanga hivi: ya kwanza .375 H&H Magnum, ya pili 9.3x62, ya tatu .375 Ruger, ya nne .338 Winchester Magnum, na ya mwisho 9.3x74R. Maneno mawili kwanza: risasi yote kamili tutaiita risasi, na kile kinachotoka mtutuni tutakiita kichwa. Kile cha shaba kinachobaki ni ganda.

Sheria inaamua nusu ya ununuzi

Kwa nyati na tembo, kipenyo cha chini kinachokubalika katika uwindaji Tanzania ni .375. Wanunuzi wengi huligundua hilo wakiwa wameshalipa. 9.3 ni milimita, sawa na .366 ya inchi, na .338 ni ndogo zaidi, zote hazifiki. Kama katika maisha yako utaomba leseni ya nyati hata mara moja, chaguo lako limebaki kwenye .375. Kama unawinda pofu, kuro, kongoni, ngiri na pongo tu, uwanja ni mpana.

Bunduki yenyewe inamilikiwa chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, kupitia polisi, na uwindaji uko chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009, ambayo leo inasimamiwa na TAWA (Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania) nje ya hifadhi za taifa. Ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Saadani hakuna kuwinda kabisa. Leseni hufungwa kwenye bunduki moja yenye kaliba (kipenyo na aina ya risasi) yake na namba yake, kwa hiyo kubadili mawazo baadaye ni kuanza upya. Amua risasi kwanza, bunduki baadaye. Bunduki zinazojipakia zenyewe risasi inayofuata usiziangalie. Hazikubaliki kwa uwindaji.

.375 H&H Magnum, ya kwanza bila shaka

Holland & Holland wa London waliitoa mwaka 1912, na zaidi ya miaka mia baadaye ndiyo inayoulizwa kwanza na waongozaji wa uwindaji Afrika Mashariki. Kichwa chake cha kawaida ni greni 300 (gramu 19.4), kinachotoka kwa mita 770 hivi kwa sekunde na kubeba jule 5,700 na ushei mdomoni mwa mtutu. Ukiweka sifuri mita 100, yaani ukirekebisha darubini ili kichwa kigonge pale unapolenga kwa umbali huo, kwenye mita 200 kitashuka takriban sentimita 15. Kwa umbali wa vichaka vyetu, hiyo ni sawa na kulenga moja kwa moja bila kuwaza.

Nguvu si sababu pekee ya kuiweka juu. Ganda lake ni refu, milimita 72, na limechongoka taratibu kuelekea mbele. Umbo hilo huingia chembani (nyuma ya mtutu, risasi inapokaa) kwa ulaini na hutoka kwa ulaini hata bunduki ikiwa ya moto na ina vumbi, na hilo ndilo unalolihitaji nyati akikugeukia. Faida ya pili ni upatikanaji: ukifika kambi yoyote ya uwindaji na sanduku lako limepotea njiani, huenda .375 H&H ndiyo risasi pekee utakayoazimwa.

Ubaya wake ni urefu. Risasi nzima ni milimita 91, kwa hiyo inahitaji bunduki yenye mtambo mrefu, na bolti (komeo la kutolea ganda na kupakia risasi) lazima ivutwe mpaka mwisho. Mtu aliyezoea bunduki fupi huivuta nusu, ganda tupu halitoki, na akisukuma mbele anakwama. Dawa ni kuzoea: risasi za mazoezi zisizo na baruti, bunduki begani, vuta na sukuma kwa nguvu mara hamsini kwa jioni moja, kwa wiki mbili.

Ubaya mwingine ni teke, yaani bunduki inavyosukuma bega. Katika bunduki ya kilo 4 hivi, teke lake ni karibu mara mbili ya .30-06, risasi ya kawaida ya uwindaji. Usinunue bunduki nyepesi ya .375 kwa sababu ni rahisi kubeba. Uzito wa kilo 4 hadi 4.3 pamoja na darubini ni wa haki. Wala usipige zaidi ya risasi kumi kwa kikao kimoja. Anayepiga ishirini siku ya kwanza hujifunza kufumba macho kabla ya kufyatua, na tabia hiyo huchukua miezi kuiondoa. Njia ya kuigundua ni kumwomba mwenzako achanganye risasi za kweli na za mazoezi kwenye magazini bila wewe kuona mpangilio. Mtutu ukichovya chini pale ambapo hakuna mlio, tatizo umeliona.

9.3x62, kwa asiyewinda nyati

Mtengenezaji bunduki wa Berlin, Otto Bock, aliiunda mwaka 1905, hasa kwa wakulima na wawindaji wa makoloni ya Kijerumani Afrika. Ilikusudiwa mtu mwenye bunduki moja ya kawaida ya Mauser 98 na mahitaji mengi, na kwa huku pwani bado inamfaa mtu huyo huyo.

Kichwa cha greni 286 (gramu 18.5) hutoka kwa mita 720 kwa sekunde, jule 4,800 hivi. Kwenye karatasi imezidiwa na .375. Lakini kipimo kinachoeleza kupenya, yaani uzito wa kichwa ukilinganishwa na kipenyo chake, ni sawasawa kwa zote mbili: .305. Ndiyo maana pofu dume wa kilo mia saba hapati nafuu yoyote kwa kupigwa na ya 9.3. Teke lake ni jepesi, mtambo ni mfupi zaidi, bunduki zake nyingi ni za kilo 3.5, na kwa kwenda polepole haiharibu nyama. Walaji wa nyama wa pwani wanalijua jambo hili: kichwa cha kasi sana kikigonga bega la kongoni, nusu ya mkono inavilia damu na kutupwa.

Kwenye mita 200 itashuka karibu sentimita 20, na baada ya hapo inaanguka haraka. Jiwekee mpaka wa mita 200 na utaishi nayo vizuri. Isingekuwa kikwazo cha .375, tungesita sana kuiweka ya pili.

.375 Ruger, nzuri ila ngeni

Hii ni ya mwaka 2007. Inatoa kichwa kile kile cha greni 300 kwa mita 810 kwa sekunde, zaidi ya H&H, ndani ya mtambo wa urefu wa .30-06. Inatimiza sheria ya nyati. Bunduki zake nyingi ni za bei nafuu kuliko za H&H, na zipo za chuma kisichoshika kutu, jambo la maana sana kwa mtu anayeishi hatua chache kutoka baharini.

Tumeishusha kwa sababu mbili. Teke lake ni kali kuliko la H&H, hasa kwa kuwa bunduki zake hutengenezwa nyepesi. Pili, ikikuishia risasi, huenda hutapata nyingine mpaka urudi Dar es Salaam, na hata huko si kila siku.

.338 Winchester Magnum na 9.3x74R

.338 ilitoka mwaka 1958. Greni 250 kwa mita 810 kwa sekunde, inapenya vizuri, inanyooka kuliko zote hapa. Kwa nchi tambarare ya bara ingepanda juu. Kwa vichaka vya Handeni, kasi yake ni mzigo: kwenye mita 40 kichwa laini (kinachofunguka kikigonga) cha bei rahisi hupasuka juu ya bega badala ya kuingia ndani, na mnyama anakimbia na kidonda kipana kisicho na kina. Ukiwa nayo tayari, usiiuze. Nunua vichwa imara vya greni 250 uachane na vyepesi.

9.3x74R ina ukingo kwenye kitako cha ganda na imetengenezwa kwa bunduki za kukunja, za mtutu mmoja au miwili. Nguvu yake ni ya 9.3x62. Inunue tu kama umerithi bunduki yake.

Kichwa kina uzito kuliko jina

Watu hutumia miezi kuchagua kaliba kisha wananunua sanduku lolote lililopo. Hapo ndipo wanyama wanapopotea. Kwa pofu na nyati chukua kichwa laini kilichotengenezwa kisiachane na koti lake la nje: Swift A-Frame, Nosler Partition, Norma Oryx, au cha shaba tupu kama Barnes TSX. Vichwa vya kawaida vya ncha laini visivyounganishwa na koti lao vinatosha kwa kuro kushuka chini. Kwa nyati, wengi huweka kichwa laini cha kwanza chembani na vigumu kabisa, visivyofunguka, nyuma yake. Lakini kigumu kinaweza kutoboa nyati mmoja na kumjeruhi mwingine nyuma yake, kwa hiyo katika kundi usikifyatue mpaka uone nyuma ni tupu.

Kuna imani kwamba kichwa kizito "hupasua kichaka". Si kweli. Kijiti cha unene wa kidole kinakipindisha kichwa cha greni 300 kama kinavyopindisha cha greni 150, na kadiri kijiti kinavyokuwa mbali na mnyama ndivyo kosa linavyokua. Subiri uwazi.

Mbele ya kaunta

Usiseme "tatu saba tano" ukaishia hapo. Kuna .375 H&H, .375 Ruger, na hata .375 Winchester ndogo isiyohusiana kabisa. Vilevile "tisa nukta tatu" si moja tu. Soma maandishi yaliyogongwa kwenye kitako cha ganda, kisha soma yaliyochongwa kwenye mtutu, herufi kwa herufi. Yasipofanana, rudisha.

Sanduku lina risasi 20. Kwa kuanza nunua matatu ya aina moja na namba moja ya toleo, ikiwa idadi uliyoruhusiwa inafika hapo: moja la kurekebishia darubini, moja la mazoezi ya kusimama, moja la kuwindia. Ukichanganya aina, sifuri inahama, wakati mwingine sentimita 8 kwenye mita 100.

Angalia kila risasi: kichwa kisitikisike, fataki (kiwashio kilicho kitakoni) isichomoze, shaba isiwe na ukijani. Ukijani mara nyingi hutoka kwenye mikanda ya ngozi, kwani dawa za kutengenezea ngozi hula shaba. Weka risasi mkandani siku ya kuwinda tu, nyumbani zirudi kwenye sanduku lake. Usiziache ndani ya gari juani, maana baruti ya moto hupandisha shinikizo na ganda hung'ang'ania chembani.

Hewa ya chumvi haisamehe. Futa mtutu kwa mafuta kila jioni, na kabla ya kutoka pitisha kitambaa kikavu ndani, kwa sababu mafuta yaliyobaki hupeleka risasi ya kwanza pembeni. Kitako cha mbao kikivuta unyevu wa masika huvimba na kusukuma mtutu. Baada ya mvua kubwa, kaza skrubu na upige tena tatu kwenye mita 100. Zikikaa ndani ya sentimita 5, inatosha.

Darubini iwe ya ukuzaji mdogo, 1 hadi 4 au 1.5 hadi 5, na nafasi ya jicho isipungue sentimita 9, la sivyo teke la .375 litakupasua nyusi. Ukishamaliza mezani, ondoka mezani: simama, tumia fito tatu zilizofungwa pamoja, piga sahani ya sentimita 15 kwenye mita 50. Ukiipata tisa kwa kumi, uko tayari. Ukipata sita, punguza umbali mpaka upate tisa, na umbali huo ndio wako msimu huu.

Kisu kiwe kiunoni, si garini, maana wengi huku hawali kibudu na dakika za kumwahi kongoni akiwa hai ni chache. Kwa nyati hesabu ni nyingine: hakuna anayemkaribia kwa kisu mpaka apigwe risasi ya pili, hata akionekana amelala.