Wagashi, jibini la Wafulani wa Benin: lipi la kununua, lipi la kuacha

Katika soko la Dantokpa, Cotonou, utawakuta akina mama nyuma ya mabeseni yaliyojaa miduara myekundu kama vigae vya udongo. Mgeni hudhani ni sabuni. Ni wagashi, jibini la wanawake wa Kifulani, jamii ya wafugaji wa kaskazini mwa Benin. Kwa Wayoruba wa Nigeria huitwa wara. Limetoka Parakou au vijiji vya mbali zaidi, safari ya kilomita 400 na ushei, kwenye joto, bila barafu. Kwamba linafika likilika ni jambo la kuheshimiwa. Kwamba wakati mwingine linafika limeshapita wakati wake ni jambo la kujihadhari nalo.

Hukumu yetu ni hii. Jeupe, likinunuliwa karibu na chungu lilikotoka na siku hiyohiyo, ni kitoweo kisicho na mpinzani miongoni mwa vyakula vya maziwa vya Afrika Magharibi. Jekundu ni la kukaanga, na ubora wake unategemea limechemshwa lini mara ya mwisho. Kavu ni la safari na la mchuzi. Ukilitafuna hivihivi utalionea bure. Halina chapa wala tarehe ya kuisha, kwa hiyo mnunuzi asiyejua linavyotengenezwa hana pa kushika.

Jeupe likiwa zuri hukatika kwa kisu bila kumomonyoka, na ukilitafuna hulia kidogo menoni. Ladha yake ni utamu wa maziwa, na nyuma yake harufu nyembamba ya moshi wa kuni. Chumvi haimo, ukali haumo. Aliyezoea majibini ya Ulaya atasema limepooza, lakini lilitengenezwa ili lipokee viungo jikoni, kama panir ya Wahindi inayojulikana Mombasa na Dar es Salaam. Tofauti ni kwamba panir hugandishwa kwa ndimu au siki, ikabaki na uchachu wa mbali. Wagashi hugandishwa kwa mmea.

Mmea wenyewe ni kichaka chenye majani mapana ya kijani kijivu na utomvu mweupe, kitaalamu Calotropis procera. Utomvu wake una kimeng'enya kinachokata protini za maziwa. Mpishi huchuja maziwa mabichi, huyabandika kwenye moto wa wastani hadi nyuzi 60 au 70, joto ambalo kidole hakivumilii ingawa bado hayajatokota. Majani machache na vishina vyake huwa yamekwisha kupondwa, yakavurugwa kwenye maziwa kidogo na kuchujwa. Mchanganyiko huo humiminwa sufuriani na kukorogwa mara moja tu. Baada ya dakika kumi hivi maziwa huanza kushikana. Hapo moto huongezwa mpaka karibu nyuzi 95, mabonge yakapanda juu na maji ya rangi ya njano-kijani yakajitenga. Mabonge huchotwa kwa upawa, hutiwa kwenye vikapu vidogo au vibakuli vyenye matundu, na baada ya nusu saa hugeuzwa ili upande wa pili nao uchuje.

Mchemko huo wa mwisho una kazi tatu kwa mpigo. Unaua kimeng'enya, hivyo uchungu wa mmea hauendelei kukua. Unaua vijidudu vya maziwa mabichi, pamoja na vile vya brusela na kifua kikuu cha ng'ombe, na kwa sababu hiyo wagashi iliyotoka jikoni ni salama kuliko kibuyu cha maziwa yasiyochemshwa. Tena hufunga protini kiasi kwamba haziachiani: likaange, lichemshe, lichome juu ya makaa, haliyeyuki.

Makosa huanzia papo hapo. Uchungu unaong'ang'ania kwenye koo na rangi ya kijani kidogo ni dalili ya majani kuzidi, na mara nyingi huzidishwa na mpishi mwenye haraka. Kiasi cha majani huwa ni suala la mkono uliozoea, maana jani changa na jani zee hazina nguvu sawa. Likivutika kama mpira, lilikaa kwenye mchemko muda mrefu mno. Likiwa chengachenga, ama maziwa yalikuwa yameanza kuchacha kabla ya kubandikwa, ama yalitiwa maji. Na likiwa zito kwa unyevu, linatiririsha maji kwenye sahani, lilitolewa kikapuni mapema ili lipime kilo zaidi; hilo litachacha kabla ya mengine yote.

Jibini hili lina maji mengi, takriban asilimia 60, halina chumvi na halina asidi ya kulilinda. Katika joto la nyuzi 30 hudumu siku mbili, tatu kwa bahati. Wauzaji hulichemsha upya kila siku, na hapo ndipo wekundu unapoingia. Ala za majani ya mtama wa rangi huloweshwa kwenye maji yenye magadi, yale yale yanayolainisha maharage jikoni kwetu, na maji hugeuka kuwa ya damu ya mzee. Miduara huchemshwa humo mpaka rangi ishike. Ndani hubaki jeupe. Wanunuzi wengi wa kusini huamini rangi ndiyo inayohifadhi. Siku zinaongezwa na mchemko. Rangi ni vazi la soko, na vazi hilo huficha mengi. Kwenye jeupe, doa la ukungu huonekana toka mbali. Kwenye jekundu inabidi uligeuze na kulinusa.

Kwa hiyo ukilinunua, lishike. Uso uwe mkavu au na unyevu safi, usio na utelezi. Ute wa kamasi maana yake ni bakteria, hata kama muuzaji atalisuuza mbele yako. Libonyeze kwa kidole gumba: zuri hurudi taratibu, lililochemshwa mara nyingi lina ganda gumu na kiini kikavu. Omba likatwe. Matundu mengi ya duara ndani, kama ya mkate, ni gesi ya uchachu. Harufu ya moshi haina neno; harufu ya uchachu mkali au ya zizi, liache. Angalia pia kama ni jibini kweli, kwa sababu jibini la soya huuzwa meza jirani, nalo huliwa limekaangwa vilevile. La soya lina harufu ya maharage mabichi, huvunjika kwa chengachenga ukilikunja, na bei yake ni ya chini. Ni chakula kizuri, ila halipaswi kuuzwa kwa jina la mwenzake.

Bei hulalamikiwa kila kiangazi, na hapa inabidi kumtazama ng'ombe. Ng'ombe wa Borgou, mchanganyiko wa zebu (ng'ombe wa nundu) mweupe wa Wafulani na ng'ombe wafupi wasio na nundu wa huko, anavumilia nagana, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o, kuliko zebu halisi, lakini si wa maziwa mengi. Wakati wa mvua, ndama akishapata fungu lake, kinachobaki kwa binadamu ni lita moja au mbili kwa siku. Kilo moja ya wagashi inahitaji karibu lita tano. Fanya hesabu: kilo moja mkononi mwako ni maziwa ya siku ya ng'ombe watatu hadi watano. Kuanzia Novemba nyasi zikikauka, maziwa hupungua, na sehemu kubwa ya mifugo hupelekwa kusini kutafuta malisho na maji. Nyumbani hubaki ng'ombe wachache wa kukamuliwa. Bei ikipanda mwezi Februari, hakuna aliyeficha bidhaa. Bidhaa haipo.

Mali hii ni ya mwanamke. Kukamua mara nyingi ni kazi ya wanaume na vijana, lakini maziwa yakishaingia nyumbani yeye ndiye huamua: yapi ya watoto, yapi yauzwe mabichi, yapi yawe jibini. Anayeishi karibu na mji huuza maziwa au mtindi. Wa mbali, ambaye maziwa yake yangeharibika njiani, hutengeneza wagashi. Fedha hiyo hununua nafaka, chumvi, dawa na vyombo vya nyumba. Ndiyo maana tunasema jibini hili lisipimwe kama kitafunio cha barabarani tu.

Na chini ya chungu mambo yanabadilika. Mashamba ya pamba yametanda kaskazini, hasa Banikoara, yakameza njia ambazo mifugo ilipita. Mpaka wa shamba na njia ukipotea, ng'ombe akiingia kwenye pamba ni faini na ugomvi, na dawa ya wadudu iliyopuliziwa majani inaweza kumdhuru. Mwishoni mwa 2019 serikali ya Benin ilipiga marufuku uhamaji wa mifugo wa kuvuka mipaka, hatua iliyogusa wafugaji wa Niger, Burkina Faso na Nigeria waliokuwa wakishuka kila kiangazi, na wa Benin waliokuwa wakitoka. Tangu 2021 mashambulizi ya makundi yenye silaha yamefanya malisho ya pembezoni mwa Mbuga ya W, hifadhi ya wanyama ya kaskazini mpakani, kuwa mahali pa hofu. Familia nyingi sasa hulima mahindi na mtama kando ya ng'ombe. Kwa mlaji matokeo yake ni wazi: anayebaki na ng'ombe wachache waliotulia anaweza kutengeneza jibini kwa kalenda, kidogo lakini kwa uhakika, kwa sharti la kuwa na mabua ya mahindi au mashudu ya pamba ya kuwalisha kiangazi. Ambaye hana akiba ya malisho hana wagashi ya Machi. Na kuni nazo, ambazo zamani ziliokotwa, sehemu nyingi hununuliwa, huku jibini likitaka moto siku ya kutengenezwa na tena kila siku ya kuchemshwa upya.

Jikoni, kosa kubwa la wageni ni kulikaanga kama lilivyotoka sokoni. Litakuwa zuri juu na bubu ndani. Likate vipande vya sentimita tatu, uviloweke nusu saa kwenye maji ya chumvi yenye kitunguu saumu na tangawizi iliyopondwa. Vitoe, uvikaushe kwa kitambaa safi mpaka visibaki na tone, la sivyo mafuta yatakurukia usoni. Kaanga kwenye mafuta ya karanga yenye moto wa wastani, dakika tatu hadi nne, ukigeuza, mpaka kingo ziwe za kahawia. Moto ukizidi, ngozi hukauka na kupasuka kabla ya ndani kupata joto. Hapo vinalika na pilipili ya kusaga, au na wali maharage, ambao Benin ni chakula cha barabarani kama kwetu. Ukitaka mchuzi, vitie kwenye nyanya zilizoiva vizuri na vitunguu, uviache dakika kumi na tano kwenye moto mdogo. Vitafyonza mchuzi kama sifongo bila kuvunjika. Kwa ugali, hakuna kitoweo cha dakika hamsini kinacholishinda.

La kavu, lililokatwa na kuanikwa juani baada ya kuchemshwa, hukaa wiki kadhaa kwenye mfuko unaopitisha hewa. Ukilifunga kwenye plastiki hutoa jasho na kuota ukungu. Lirudishe uhai kwa kulichemsha kwanza, kisha litie mchuzini. Kwa mwenye friji, bichi huwekwa kwenye maji ya chumvi yanayobadilishwa kila siku, nalo hufika siku nne tano. Kwenye frizeri huharibika umbile, likawa na vishimo kama sifongo kavu. Halifai kukaanga tena, kwenye mchuzi linapita.

Mmea huo huota pia sehemu kavu za Kenya na Tanzania, na wafugaji wetu wanaomwaga maziwa ya jioni msimu wa mvua kwa kukosa gari la kuyachukua wana sababu ya kulijaribu jibini hili, kwa kuwa halihitaji renneti (kigandishi cha maziwa) ya dukani wala friji. Tahadhari moja ni ya lazima. Usikisie mmea kwa utomvu wake. Mnyaa nao una utomvu mweupe, na unaweza kupofusha. Utambue kwanza pamoja na mtu anayeijua mimea, kwa majani mapana yasiyo na mkono mrefu na maua meupe yenye ncha za zambarau. Hata wenyewe, utomvu wa Calotropis huunguza macho, basi nawa kwa sabuni kabla ya kujigusa uso. Anza na lita mbili, majani machache, na kipimajoto. Mgando usipotokea baada ya robo saa, ongeza joto kabla ya kuongeza majani.