Losheni za "sans parabène" sokoni Kadutu: geuza chupa kwanza

Ukiulizia losheni kwenye vibanda vya Kadutu, hapa Bukavu, utaonyeshwa upande wa mbele: jani la kijani na maneno "sans parabène", yaani haina parabeni, aina ya kihifadhi (dawa ya kuzuia losheni isioze). Sisi tumezipima kwa upande wa nyuma, kwenye herufi ndogo.

Losheni ina maji, na penye maji bakteria na kuvu huota. Parabeni ikitolewa, lazima kihifadhi kingine kishike nafasi yake. Ukikuta kihifadhi kiitwacho METHYLISOTHIAZOLINONE, rudisha chupa. Mwili ukishapata mzio wa dawa hii, hausahau: ngozi huwasha, huvimba na kubabuka kila inapoguswa nayo, na wengine huwashwa hata na harufu ya rangi mpya ya ukutani, kwa kuwa rangi za maji nazo huwekwa dawa hiyohiyo. Ulaya iliipiga marufuku mwaka 2017 katika vipodozi vinavyobaki mwilini. Kwenye sabuni na shampuu za kusuuzwa ikaruhusu sehemu 15 tu kwa milioni.

DMDM HYDANTOIN na IMIDAZOLIDINYL UREA, vihifadhi vingine, hutoa kemikali ya fomaldehaidi kidogo kidogo. Saratani imethibitika kwa wanaoivuta fomaldehaidi kama hewa. Kwa losheni, hofu ya kwanza ni mzio. Hizo pia hatuzipendekezi.

Chupa ya kizamani yenye METHYLPARABEN tunaipa alama nzuri kuliko hizo zote, ingawa wauzaji wengi watashangaa. Ni nadra kuleta mzio. PROPYLPARABEN na BUTYLPARABEN ndizo za kuangalia, maana huiga homoni kwa udhaifu: Ulaya huziwekea kikomo cha asilimia 0.14, na haziruhusu katika mafuta ya kuachwa kwenye sehemu za nepi kwa mtoto chini ya miaka 3. Huyo mpake vaselini isiyo na manukato. Haina maji, haihitaji kihifadhi.

Losheni ya kupimiwa kutoka kwenye bidoo (dumu) tunaipa sifuri. Haina orodha ya viambato, na ikiongezwa maji kihifadhi hupungua nguvu, bakteria wakazaliana. Ikijitenga maji au kubadilika harufu, mwaga.

Chupa yoyote mpya, paka kiasi cha punje ya haragi ndani ya kiwiko, mara mbili kwa siku, siku 7. Kukiwasha siku ya tano, usimalizie wiki.