Nati za AC zinazopasuka zenyewe: nilizipeleka maabara, haya ndiyo maoni yangu

Nahudumia viyoyozi vya nyumba za wageni Mji Mkongwe, na kilichonifikisha maabara ni nati za fleya, zile za shaba njano zinazobana miisho ya mabomba ya gesi. Umefunga vizuri, gesi umejaza, mashine inapoza. Miezi inapita, mteja anapiga simu: chumba cha moto. Ukifungua unakuta nati ina ufa mwembamba uliofuata urefu wake, na gesi yote imekwenda. Muuzaji anakwambia ni chumvi ya bahari. Hapa kwetu kila kitu kinasingiziwa chumvi.

Sikuridhika. Nikazituma kwa boti kwenye maabara moja ya metali Dar es Salaam, zilizopasuka pamoja na mpya za boksi lile lile.

Walitumia utaratibu wa ISO 6957, kipimo cha kimataifa cha kujaribu aloi za shaba kwa amonia. Nati mpya inasafishwa mafuta, inafungiwa kwenye chombo chenye mvuke wa amonia kwa saa 24, kisha inaoshwa kwa asidi kuondoa weusi na kukaguliwa kwa kioo cha kukuzia. Nati zangu, ambazo spana haijawahi kuzigusa, zilitoka na nyufa. Maana yake mkazo, yaani nguvu ya kuvutana, ulibaki ndani ya metali tangu kiwandani. Kwenye zile zilizovunjikia kazini picha ilikuwa wazi: ufa umepenya baina ya chembe za metali, na kuta zake karibu hazijaliwa. Ingekuwa maji yamenyonya zinki iliyochanganywa na shaba, pale pangebaki pekundu na kumeguka.

Mhandisi alinieleza kwa subira, na hapo ndipo pesa yangu ilipolipa. Shaba njano yenye zinki zaidi ya asilimia 15 hivi, ikiwa na mkazo, hupasuka ikikutana na amonia na unyevu, hata amonia kidogo tu. Jeshi la Uingereza liliyaona haya India: maganda ya risasi yakipasuka msimu wa mvua, mazizi ya farasi, ambayo mkojo wake hutoa amonia, yakiwa karibu. Mwaka 1921 watafiti wakathibitisha chanzo ni amonia. Akaniuliza mashine za nje zimekaa wapi. Zimo kichochoroni, ubavuni mwa bomba la pumzi la choo, na huko ndiko amonia inakotoka!

Sasa naagiza nati zilizopashwa moto kiwandani baada ya kuundwa, kiasi cha nyuzi 250 hadi 300 za Selsiasi kwa saa moja, ili mkazo utoke. Nakaza kwa spana ya kipimo, ile inayopima nguvu ya kukaza, na mashine mpya naziweka mbali na bomba hilo.

Lawama ninazo. Majibu yalichelewa kuliko walivyoahidi, na ripoti ni Kiingereza kizito ambacho fundi wa kawaida hakimfai bila ya kupigiwa simu. Huduma ya namna hii tunaihitaji Unguja na Pemba kabisa.

Mkipeleka, nati iliyopasuka msiisugue wala msiioshe, kwani ule uchafu uliokaa juu yake nao wanaupima. Na lazima iwepo mpya ya boksi lile lile, la sivyo hawatajua kosa lilianzia kiwandani au kwenye spana yako.