Winchi ya mkono ya kuvulia trauti wa kina: misimu miwili kwenye mashua ya mita 3 na nusu

Nianze na kilichonikera, maana nusura kinitie majini. Kibano cha winchi hii, ile taya inayokazwa kwenye ubavu wa mashua, hakifai. Kiangazi cha kwanza nilikuwa naburuta mshipi kwenye kina cha mita 18 hivi, chubwi la kilo 3 na nusu likiwa chini, mara likanasa kwenye mwamba. Upepo ulikuwa unatusukuma kutoka tezi, kwa hiyo mashua haikusimama. Waya ukakaza, ukaanza kuimba, ubavu ukalala mpaka maji yakachungulia ndani, na kibano kikateleza upana wa kiganja kabla sijafungua breki. Shemeji yangu, aliyekuwa kwenye makasia, alitamka neno moja ambalo siliandiki hapa.

Tangu siku ile winchi imekaa kwa bolti mbili zilizopita kwenye ubao, na upande wa ndani nimeweka kipande cha mbao ngumu ili nguvu itawanyike. Waya wa chuma nimeutoa, nimeweka kamba nyembamba ya kusuka, kwa sababu waya hauukati kwa kisu ukiwa na haraka, na nyuzi zake zikianza kufumuka zinakuchoma vidole. Kisu chenyewe kimefungwa kwa uzi pale pale, karibu na mkono. Matundu ya bolti yamo tayari kwenye kitako cha winchi, ila bolti hazimo kwenye boksi. Aliyeyatoboa alijua kabisa kwamba kibano peke yake hakitoshi.

Kwa asiyekijua chombo hiki: ni ngoma yenye mpini wa kuzungusha, mkono mfupi wa chuma unaotokeza nje ya mashua, kamba, na chubwi zito mwishoni. Mshipi wako wa kuvulia unaubana kwenye kibanio kidogo juu ya chubwi, ukiacha chambo kielee mita 5 au 6 nyuma, unashusha vyote pamoja, kisha unakwenda polepole. Samaki akigonga, mshipi unachomoka kibanioni na unabaki wewe na yeye tu, bila mzigo. Winchi za umeme hufanya kazi hiyohiyo kwa kubonyeza kitufe. Zinataka betri, na kwa bei ya ile niliyoitamani ningeongeza mashua nyingine kama hii yangu.

Na kwa nini mtu ahangaike na kina? Kwa sababu jua likishapasha maji ya juu, trauti, samaki wapendao maji baridi, hawakai hapo. Maji baridi ni mazito zaidi, yanafikia uzito wa juu kabisa karibu na nyuzi 4, kwa hiyo yale ya joto huelea juu yake na upepo huyachanganya yenyewe kwa yenyewe tu. Kati ya tabaka hizo mbili kuna ukanda mwembamba ambamo joto hushuka ghafla. Huo ndio ninaoutafuta. Nafunga kipimajoto cha kawaida ndani ya chupa ya plastiki yenye tundu na kokoto chini, nakishusha kwa kamba yenye mafundo, nasubiri dakika 5, navuta juu haraka. Maji yaliyomo chupani hayawahi kubadilika joto. Mara ya mwisho nilipata nyuzi 22 juu, 20 kwenye mita 6, 14 kwenye mita 9, na 10 kwenye mita 12. Basi nikavulia kati ya 9 na 11. Chupa ile haikunigharimu kitu, na bila hiyo winchi ni njia ghali ya kulowesha chubwi la risasi. Usidhani pia kwamba kadiri unavyozidi kushuka ndivyo bora: kwenye maziwa yenye mwani mwingi, chini kabisa hewa huisha kabla kiangazi hakijaisha, na samaki hawakai mahali pasipo na hewa.

Kihesabio cha winchi nacho kinadanganya, ingawa si kwa makusudi. Kinahesabu mizunguko ya ngoma, na ngoma ikiwa imejaa kamba, mzunguko mmoja hutoa kamba nyingi kuliko ikiwa karibu tupu. Nilipima ufukweni kwa futi kamba: kilipoandika 20, zilikuwa zimetoka 18. Nimefunga uzi mwekundu kila mita 5 na sikitazami tena. Halafu kuna ule mteremko. Ukienda kasi, chubwi hubaki nyuma na kamba inalala. Ikilala nusu ya pembe mraba, mita 20 za kamba zinakupa kina cha 14 tu. Kwa makasia tatizo hili halipo kabisa, kilo 2 zinatosha na kamba inasimama wima. Nina injini ndogo, lakini kwa trauti naipenda kasia: kila pigo chambo kinaruka kidogo, kinasita, kinaruka tena, na mara nyingi ni pale kinaposita ndipo huliwa.

Kabla ya winchi nilikuwa natumia ule mshipi wenye uzi wa risasi ndani, unaobadilika rangi kila mita 9. Ni rahisi, hautoboi mashua, na kila rangi hukushusha kama mita 1 na nusu ukienda taratibu. Ila fanya hesabu: kufika mita 12 unataka rangi 8, yaani mita 72 za mshipi nyuma yako, na ukikata kona unachora duara la kupakana na kila mtu ziwani. Samaki wa nusu kilo mwishoni mwa risasi yote hiyo ni kama kuvuta soksi iliyojaa maji. Kwa anayevua mara tatu kwa msimu, anunue huo na asiitafute winchi. Mimi natoka kila wiki.

Raha ya winchi iko kwenye fimbo ya kuvulia. Ikiwa kwenye kishikizo chake huinama kama upinde, kwa kuwa mshipi umekazwa kwenda chini, na ncha hutetema sawasawa na chambo cha umbo la kijiko kinachocheza kule kwenye giza. Samaki akishika, ncha hunywea mara mbili, kisha fimbo nzima inanyooka kama iliyokatika. Mgeni huona samaki amekwenda. Hapo ndipo unapozungusha rili, lile gurudumu la kukunjia mshipi, kwa nguvu zako zote mpaka ukutane na uzito. Shemeji alimpoteza samaki wake wa kwanza kwa kukaa anashangaa.

Akipanda utaona mapovu yakitangulia. Trauti ana njia kutoka kwenye kibofu cha hewa hadi kooni, kwa hiyo hutoa hewa anapopanda. Kinachomuua ni yale maji ya joto ya juu, hasa ukimchosha muda mrefu. Siku ambayo juu ni zaidi ya nyuzi 20 sivui ili kurudisha samaki majini. Nachukua wawili, nafunga fimbo.

Mambo madogo: breki hushika vizuri hata ikilowa. Kibanio cha plastiki kilichokuja nayo hukaza mno kwa samaki wadogo, unawaburuta bila kujua. Nimekisugua kwa msasa na sasa kinaachia. Mpini ulipasuka msimu wa pili, nimechonga wa mbao. Ngoma hupiga kelele isipopakwa grisi kila mwezi.