Tumelala Astley Castle, ngome ya kale Uingereza: uzoefu wangu

Kwa wanaouliza kama kukodi ngome ya zama za kati ni kuchoma hela tu, mimi nasema inategemea na ngome yenyewe. Sisi tulichukua Astley Castle, iko Warwickshire karibu na Nuneaton, ni ya Landmark Trust, wale wanaokarabati majengo ya zamani halafu wanawakodishia watu wa likizo. Wanalala watu wanane, tukaenda familia mbili, mkichangishana bei inavumilika ila wewe na mkeo tu mtalia.

Sasa uzuri wake ni huu. Hii nyumba iliungua 1978, enzi hizo ilikuwa hoteli, ikabaki gofu miaka na miaka. Jamaa hawakuijenga upya ifanane na ya zamani, kuta zilizobomoka wameziacha vilevile wakachomeka nyumba mpya ya tofali na mbao humo humo ndani, yaani unaona kabisa jiwe la kale limeishia hapa na tofali jipya limeanzia hapa, hakuna kudanganyana. Mwaka 2013 ikabeba tuzo ya Stirling ya wasanifu majengo na kwa kweli walistahili. Kuna upande hauna paa wala vioo dirishani, kuta na anga tu, ndo tulikolia pilau, na makoti mwilini lakini tulikula.

Mpangilio umegeuzwa, vyumba vya kulala viko chini, jiko na sebule juu. Mama mkwe magoti yanamsumbua akaanza kuguna pale, kumbe lifti ipo. TV hakuna wifi hakuna, na wanakwambia mapema, watoto wakanuna weee mpaka waliposikia stori ya baba yake Lady Jane Grey, yule binti aliyekuwa malkia siku tisa tu mwaka 1553. Hapa palikuwa kwa mzee, na uasi aliojiunga nao 1554 uliposhindwa akakimbilia huku, inasemekana alijificha kwenye mti wenye shimo, akakamatwa akakatwa kichwa. Basi hakuna mti uliobaki bila kukaguliwa!

Kama huna gari utapata tabu kidogo, sisi tulishuka treni Nuneaton teksi ikatupiga bei. Na vyakula nunueni hukohuko Nuneaton kabla hamjafika, hasa mchele maana kwa watu wanane unaisha haraka.